Thunderbird, Pan au slrn: ipi ikufae kusomea makundi ya Usenet?

Ukiwasha kompyuta mpya leo, utakuta ndani yake karibu kila kitu isipokuwa programu ya kusomea makundi ya majadiliano ya Usenet. Zamani haikuwa hivyo. Windows XP ilikuja na Outlook Express, iliyosoma barua pepe na makundi katika dirisha moja. Vista ikaleta Windows Mail iliyofanya kazi ileile, kisha kuanzia Windows 7 mlango ukafungwa. Waliozoea kusoma kwa kivinjari walibaki na Google Groups, nayo tarehe 22 Februari 2024 iliacha kupokea na kutuma ujumbe mpya wa Usenet. Kilichobaki pale ni kumbukumbu za zamani tu. Anayetaka kusoma sasa hana budi kusakinisha programu yake mwenyewe, na swali la kwanza ni lile lile kila mara: ipi?

Ninazilinganisha tatu ambazo zinapatikana bure na zinafanya kazi kwenye kompyuta za sasa: Thunderbird, Pan na slrn. Nimeishi na zote kwa nyakati tofauti. Ninayoifungua kila asubuhi siyo ninayompendekezea kila anayeniuliza, na sababu utaziona.

Kabla ya programu, seva

Wengi wanaolalamika kwamba programu "imegoma" huwa wamekwama kwenye seva. Usenet haina makao makuu. Tangu Tom Truscott na Jim Ellis walipoibuni mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, imekuwa ni seva nyingi zinazopashana ujumbe, kila moja ikimpa jirani yake nakala. Programu yako huzungumza na seva moja tu kati ya hizo, kwa lugha iitwayo NNTP. Kampuni za intaneti zilikuwa zikiwapa wateja wao seva hiyo pamoja na huduma, lakini nyingi zimeshaacha. Kwa hiyo seva unaitafuta mwenyewe, na unaitafuta kwanza.

Kwa makundi ya maandishi, seva ya bure inayotajwa sana ni Eternal September. Unajisajili, unapata jina la mtumiaji na nenosiri, basi. (Jina lake ni utani wa wakongwe. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wakimiminika Usenet bila kujua adabu zake, wakikaripiwa hadi wakazizoea. Septemba ya mwaka 1993 wageni hawakukoma kuja, na wakongwe wanaapa mwezi ule haujaisha mpaka leo.) Gmane, kwenye news.gmane.io, ni kitu kingine kidogo: inachukua orodha za barua pepe, hasa za miradi ya programu huria, na kuzionyesha kana kwamba ni makundi. Seva za kulipia zipo tele, ila nyingi zinauza uhifadhi wa mafaili makubwa. Kwa kusoma na kujibizana, huna haja nazo.

Andika mambo manne kwenye karatasi kabla hujagusa programu yoyote: jina la seva, namba ya poti, jina lako la mtumiaji, na nenosiri. Poti ni 119 kwa muunganisho wa wazi au 563 kwa muunganisho wa TLS uliofichwa. Tumia 563. Kwenye 119 isiyofichwa nenosiri lako husafiri kama kadi ya posta, yeyote aliye njiani anaweza kulisoma.

Ninapima kwa nini

Vigezo ni vitano. Kwanza, ugumu wa kuisakinisha kwenye Windows, macOS na Linux. Pili, kuiunganisha na seva hadi ujumbe wa kwanza uonekane. Tatu, kusoma na kuchuja, na hapa ndipo nitakaa sana, kwa kuwa Usenet haina msimamizi anayefuta uchafu kabla haujakufikia. Kichujio chako ndicho msimamizi. Nne, kuandika: kunukuu vizuri, kutuma maandishi matupu yasiyo na mapambo, na kutokosea kati ya kulijibu kundi na kumjibu mtu binafsi. Tano, programu yenyewe inamfaa nani.

Thunderbird

*Kuisakinisha.* Hakuna nyepesi zaidi. Unapakua kisakinishi cha Windows, macOS au Linux, unabofya, umemaliza. Kama tayari unasomea barua pepe zako humo, huna hata cha kusakinisha. Makundi yatakaa kwenye safu ileile ya kushoto, chini ya barua zako.

*Kuiunganisha.* Hapa ndipo watu huangukia. Usianze na fomu ya kufungua akaunti ya barua pepe, haitakufikisha. Kwenye menyu ya kuongeza kitu kipya, tafuta akaunti ya makundi ya habari, yenye njia yake mwenyewe. Itakuuliza jina lako, anwani ya barua pepe na jina la seva. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya akaunti hiyo, sehemu ya seva, ufanye mambo mawili: chagua ulinzi wa SSL/TLS ili poti iwe 563, na utie tiki kwenye kisanduku kinachoiambia programu itoe jina na nenosiri kila inapoungana na seva. Kisanduku hicho kidogo ndicho chanzo cha maswali mengi mno. Bila tiki, programu inabisha hodi bila kujitambulisha, na seva inayotaka kukujua kwanza inakukatalia au inakuonyesha orodha pungufu ya makundi. Mtu akitazama orodha tupu anadhani Usenet imekufa.

Baada ya hapo bofya akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, omba orodha ya makundi, na utafute kwa neno. Orodha ni ndefu, ipe muda. Ukifungua kundi lenye ujumbe mwingi, programu itakuuliza kama uchukue vichwa vyote au 500 vya mwisho. Chukua 500. Hakuna anayesoma mabishano ya miaka kumi iliyopita kabla ya chai.

*Kusoma na kuchuja.* Nyuzi, yaani ujumbe pamoja na majibu yake, zinapangwa vizuri, na kibodi inasaidia kuliko wengi wanavyojua. N inakupeleka kwenye ujumbe unaofuata ambao hujausoma. K inaupuuza uzi mzima. W inauweka uzi chini ya uangalizi ili usikupite. Unaweza pia kuunda vichujio kwa kila kundi, kwa mfano kufuta au kuweka alama ya kusomwa kwa chochote kutoka kwa mwandishi fulani au chenye neno fulani kwenye kichwa. Kwa makundi matatu au manne yenye utulivu, inatosha kabisa.

Mipaka yake unaigusa pale kundi linapokuwa na kelele. Kichujio cha Thunderbird kinajua ndiyo na hapana. Hakijui "huyu kwa kawaida ananichosha, lakini akizungumzia jambo hili nataka kumsikia". Hesabu ya namna hiyo huwezi kuifanya humo.

*Kuandika.* Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya uandishi, uondoe tiki ya kuandika kwa HTML, yaani maandishi yenye rangi na mapambo. Usenet ni ya maandishi matupu, na ukituma HTML utasikia habari yake siku hiyohiyo. Angalia pia vitufe viwili vinavyofanana: kimoja kinapeleka jibu kwenye kundi, kingine kinampelekea mwandishi barua pepe binafsi. Ukizoea barua pepe, kidole chako kitakwenda kwenye kile cha pili.

*Inamfaa nani.* Anayefuata makundi machache, anayetaka barua na makundi mahali pamoja, na asiyetaka kujifunza programu mpya. Haimfai anayefuata mafaili makubwa yaliyokatwa vipande na kusimbwa kwa yEnc, kwa kuwa haiungi vipande hivyo.

Pan

*Kuisakinisha.* Kwenye Linux ni kazi ya dakika moja. Iko kwenye hifadhi za mifumo mingi, na kwenye Debian au Ubuntu amri ni `sudo apt install pan`. Kwenye Windows na macOS njia zipo, ila ni ndefu zaidi, na ningemwambia mtumiaji wa kawaida wa mifumo hiyo asianzie hapa.

*Kuiunganisha.* Pan ilitengenezwa kwa kazi hii hasa, na inaonekana. Dirisha la seva lina kila kitu pamoja: anwani, poti, jina, nenosiri, na chaguo la muunganisho salama. Unajaza mara moja, orodha ya makundi inaanza kushuka. Unachopaswa kukumbuka ni kwamba utambulisho wa kuandikia, yaani jina lako, anwani na saini, unawekwa mahali pengine. Bila huo utasoma vizuri lakini hutaweza kutuma. Ukifungua kundi inakuuliza unataka vichwa vipi: vyote, vipya, vya siku kadhaa zilizopita, au idadi fulani ya mwisho. Swali hilo lijibu kwa uangalifu, kwa kuwa Pan hupakia vichwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kundi kubwa sana linaweza kuilemea mashine yenye RAM ndogo.

*Kusoma na kuchuja.* Hapa ndipo Pan inapoachana na Thunderbird. Badala ya ndiyo na hapana, inatumia alama. Kila ujumbe unaanza na sifuri, kisha sheria zako zinaongeza au kupunguza. Mwandishi unayemheshimu unampa, tuseme, 500. Neno linalokukera linakatwa 1000. Ujumbe wa mwandishi huyo kuhusu neno hilo utabaki na hasi 500, utashuka chini lakini hautapotea. Ukifika 9999 uzi unahesabika kuwa unafuatiliwa, na ukishuka hadi hasi 9999 unapuuzwa moja kwa moja. Sheria zinaweza kupewa muda wa kuisha, na hilo ni zuri kuliko linavyosikika. Mtu aliyekuudhi wiki hii unamnyamazisha kwa mwezi, na huna haja ya kukumbuka kumsamehe.

Unasoma kwa kitufe cha nafasi tu. Kinasogeza ukurasa, na ukifika mwisho kinakupeleka kwenye ujumbe unaofuata. Kikombe mkono mmoja, nafasi mkono mwingine.

*Kuandika.* Pan ni kama bibi mwenye adabu za zamani. Ukitaka kutuma, inakukagua kwanza: mistari imezidi herufi 80, saini ina zaidi ya mistari minne, maandishi uliyonukuu ni mengi kuliko uliyoandika mwenyewe. Mwanzoni inaudhi. Baadaye unagundua kwamba wanaokujibu wamekuwa wapole zaidi, na kwamba ilikuwa inakusitiri.

*Inamfaa nani.* Mtumiaji wa Linux anayesoma makundi mengi, mwenye kundi moja au mawili yenye kelele, na anayetaka kutumia kipanya. Mafaili yaliyokatwa vipande inayaunganisha pia.

slrn

*Kuisakinisha.* Hii haina madirisha wala picha, unaiendesha ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Iliandikwa na John E. Davis, na ipo kwenye hifadhi za Linux. Kwenye macOS inapatikana kupitia Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine. Mwenye Windows ataiendesha ndani ya WSL, yaani Linux iliyo ndani ya Windows, na kwa mtu ambaye hajawahi kufungua terminali hiyo ni ngazi mbili kwa mpigo.

*Kuiunganisha.* Hakuna fomu ya kujaza. Unaandika faili liitwalo `.slrnrc` kwenye folda yako ya nyumbani. Mstari mmoja unabeba jina na nenosiri, kwa neno `nnrpaccess` likifuatiwa na seva, jina na nenosiri. Kwa kuwa nenosiri linakaa humo likisomeka waziwazi, lifungie faili kwa `chmod 600` ili watumiaji wengine wa mashine wasilione. Kwa TLS, anwani ya seva inatanguliwa na `snews://` badala ya kuandikwa peke yake. Mara ya kwanza unaita `slrn -f ~/.jnewsrc --create` ili ichote orodha ya makundi. Ukisahau neno la mwisho, orodha hiyo haitachotwa.

Inatisha ukisoma, lakini kuna faida iliyojificha. Mipangilio yako yote ni mafaili mawili matatu ya maandishi. Kompyuta ikifa, unayanakili kwenye mpya na umerudi ulipokuwa.

*Kusoma na kuchuja.* Inatumia alama kama Pan, na faili la alama la Pan limefuata muundo wa slrn, kwa hiyo ukihama kutoka moja hadi nyingine jasho lako halipotei. Tofauti ni kwamba katika slrn mara nyingi unaliandika faili hilo kwa mkono, na ukishazoea kulisoma unaona mantiki yote mbele yako. K inaanzisha sheria mpya ukiwa juu ya ujumbe. Kasi yake ni ya kushangaza hata kwenye mashine kuukuu, na ukiwa umeiwasha kwenye kompyuta ya nyumbani unaweza kuifikia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kutoka popote, ukaendelea ulipoachia. Kwa mwenye intaneti ya kusuasua kuna programu ndogo mwandani wake, slrnpull, inayopakua ujumbe mapema ili usome ukiwa nje ya mtandao.

*Kuandika.* Unaandika kwa kihariri chochote unachokipenda, nano, Vim au Emacs. f ni kwa kulijibu kundi, r ni kwa kumjibu mtu. Hakikisha terminali na mipangilio yako vyote ni UTF-8, la sivyo herufi zisizo za kawaida zitatoka zimepondeka.

*Inamfaa nani.* Aliyezoea kibodi na terminali, mwenye mashine dhaifu, au anayesoma kwa mbali. Wengine wote wataichukia siku ya kwanza, na siyo makosa yao.

Na zile za zamani?

Kuna walioipenda 40tude Dialog kwenye Windows na hawataki kusikia nyingine. Bado inaweza kufanya kazi, ila haijui TLS. Dawa yake ni stunnel, programu ndogo inayosikiliza ndani ya kompyuta yako na kupeleka mawasiliano kwenye poti 563 yakiwa yamefichwa. Dialog inadhani inazungumza na seva iliyo hapohapo. Kwenye Mac, programu yoyote ya biti 32 ilikatwa na macOS Catalina mwaka 2019, hakuna ujanja wa kawaida wa kuifufua. Na mwenye kuishi ndani ya Emacs hana haja ya kusoma makala haya, programu yake ya kusomea makundi, Gnus, iko humo humo.

Kulingana na hali yako

Kama unaanza leo na hujui kama Usenet itakuteka, sakinisha Thunderbird, jiunge na makundi mawili, ukae nayo wiki kadhaa. Usiandike chochote kwenye kundi la watu kabla hujajaribu kwenye misc.test au alt.test, yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Mimi niliwahi kutuma neno "jaribio" kwenye kundi la watu wenye shughuli zao, na majibu niliyopata bado nayakumbuka.

Kama uko kwenye Windows au macOS na kelele zimeanza kukuchosha, usikimbilie kubadili programu. Tumia K ya Thunderbird kwa wiki mbili kwanza. Ikiwa bado unafuta kwa mkono kila siku, wakati wa kutafuta programu yenye alama umefika, na slrn ndani ya WSL au kupitia Homebrew ni njia ya uhakika zaidi.

Kama uko kwenye Linux na unapenda madirisha, chukua Pan moja kwa moja. Ukiwa na mashine kongwe, au unataka kusoma kutoka kazini kupitia kompyuta ya nyumbani, chukua slrn. Kama unachotaka ni orodha za barua pepe za Gmane tu, Thunderbird inatosha kwa wengi, kwa kuwa huko hakuna kelele nyingi za kuchuja.

Kama hutaki anwani yako halisi ikusanywe na watuma takataka, weka anwani inayoishia na `.invalid`, kikomo kilichotengwa rasmi mwaka 1999 kisimilikiwe na yeyote. Soma kwanza kanuni za seva yako kama inaruhusu. Na usibuni anwani ya kikoa cha mtu mwingine, takataka zako zitamwangukia yeye.

Ukiamua kuhama programu baadaye huku seva ikibaki ileile, tafuta faili la newsrc. Zote tatu huhifadhi humo, kwa muundo unaofanana, orodha ya makundi na namba za ujumbe uliokwisha kusoma. Ukibadili seva, faili hilo usilibebe. Kila seva huupa ujumbe namba zake yenyewe, na zile za zamani zitakuficha ujumbe ambao hujausoma. Afadhali uanze upya, weka alama kwamba vyote vimesomwa, na usome kuanzia kesho.